Baia au Swanage? Wapi pa kupiga mbizi ukitaka kuona starehe za pwani zilizochukuliwa na bahari

Mwambie mwalimu wako wa kupiga mbizi kwamba umetosheka na matumbawe na sasa unataka kuona kazi ya mkono wa binadamu chini ya maji. Atakupeleka kwenye meli. Ukiwa Mombasa utaonyeshwa MV Dania, iliyokuwa ikibeba mifugo kabla ya kuzamishwa makusudi mwaka 2002 ili iwe makazi ya samaki. Ni mbizi nzuri, sina neno nayo. Ila kuna mabaki ya namna nyingine ambayo kwetu hayazungumzwi sana: sehemu za pwani ambako watu walikwenda kustarehe, zikavuma, zikaachwa, na leo zimo majini. Kumbi za karamu za Warumi, magati ya kushukia watalii wa Kiingereza, hata uwanja wa bembea uliojengwa juu ya nguzo baharini huko Marekani.

Nimezichagua nne za kuziweka ubavu kwa ubavu: Baia ya Italia, Swanage ya Uingereza, Pacific Ocean Park ya California, na mabaki ya kijiji cha chini ya maji cha Jacques Cousteau, mpelelezi wa bahari wa Kifaransa, huko Sha'ab Rumi, Sudan. Niseme mapema ili nisikuzungushe: shindano lenyewe ni kati ya mbili za kwanza. Ya tatu sikushauri uingie majini kabisa. Ya nne ningeiweka juu ya zote, lakini kwa hali ilivyo sasa huko Sudan, ningoje na wewe ungoje.

Kuna nini hasa huko chini

Baia iko kwenye Ghuba ya Pozzuoli, magharibi kidogo ya Napoli. Zama za Warumi hapa ndipo wenye nazo walipokimbilia: chemchemi za maji moto, majumba yaliyochungulia bahari, muziki na ulevi ufukweni. Mwanafalsafa Seneca aliandika kwamba aliondoka Baia siku ya pili tu baada ya kufika, akilalamika kuwa hana haja ya kutazama walevi wakipepesuka pwani. Kaizari Hadrian alifia hapo mwaka 138. Na mwaka 65, watu waliokula njama ya kumuua Kaizari Nero walifikiria kummalizia kwenye jumba la Piso, kiongozi wao, hapo Baia, kwa kuwa Kaizari alizoea kwenda pale kuoga na kula bila walinzi. Piso akakataa. Alikuwa tayari mgeni wake auawe, ila si mezani kwake. Mabaki ya jumba linalohusishwa na ukoo huo, kwa sababu ya bomba la madini ya risasi lililopatikana likiwa na jina la Piso, leo ni mojawapo ya vituo vya mbizi.

Mji haukuzama kwa usiku mmoja. Eneo lote la Campi Flegrei ni volkano kubwa iliyo hai, na ardhi yake hupanda na kushuka kwa karne. Upande wa Baia ulishuka polepole, maji yakaingia vyumbani, watu wakarudi nyuma, na ukanda wa pwani ya kale ukabaki mamia ya mita kutoka ufuko wa leo. Kwa hiyo usitegemee vifusi vilivyorundikana ovyo. Kuta zilizosalia ni fupi, lakini mpango wa nyumba unasomeka: hapa ukumbi, pale korido, huku bwawa, kule barabara iliyotandikwa mawe.

Vituo ambavyo watu huviulizia zaidi ni viwili. Cha kwanza ni ukumbi wa karamu wa Kaizari Claudius, ulio Punta Epitaffio, kwenye kina cha mita 5 hivi. Wageni walikuwa wanakula wakiwa wamejilaza, maji yakipita kwenye mifereji pembeni yao, na mbele yao, kwenye kibanda cha ukutani, sanamu za Odiseo, shujaa wa hadithi za Kigiriki, na mwenzake wakimnywesha mvinyo jitu lenye jicho moja. Sanamu za Odiseo na mwenzake zilionekana mwaka 1969 baada ya dhoruba kufukua mchanga. Pembeni walisimama miungu na watu wa familia ya Claudius, akiwemo mama yake, Antonia. Ujue kabla hujalipa: unazoziona chini ni nakala. Zenyewe ziko kwenye jumba la makumbusho ndani ya ngome ya Baia, juu ya kilima hapohapo. Wako wanaoona wamepunjwa. Mimi sioni hivyo, kwani marumaru iliyobaki wazi majini inatobolewa na viumbe wa bahari, na bora nakala iote mwani kuliko Antonia mwenyewe apoteze pua.

Cha pili ni Villa a Protiro, jumba lenye sakafu za vigae vidogovidogo. Hapa ndipo Baia inapokushika. Unafika, unaona mchanga mtupu. Kiongozi anashuka hadi karibu na sakafu na kuanza kupepea kwa kiganja, bila kugusa chochote, vumbi linapanda, linachukuliwa na maji, na chini yake vinaanza kutokea vipande vyeupe na vyeusi, kila kimoja kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, vimepangwa kwa maumbo ya pembe sita yanayoendelea hadi chini ya mchanga ambao bado haujaondolewa. Watu mnatazama. Kisha kiongozi anarudisha mchanga juu yake kwa mkono uleule. Mchanga ndio ulinzi wake, na kikundi kinachofuata kitafunuliwa upya.

Swanage ni habari nyingine kabisa. Ni mji mdogo wa pwani ya Dorset, kusini mwa Uingereza. Gati la kwanza lilijengwa mwaka 1859 na 1860, na kazi yake ilikuwa kupakia mawe ya Purbeck. Reli ya vitoroli ilipita juu yake. Baadaye meli za magurudumu zikaanza kuleta watalii, gati la kupakia mawe likawa halitoshi wala halipendezi, na mwaka 1895 kazi ya kujenga jipya ikaanza kando yake. La zamani likaachwa lioze. Leo limebaki safu ya visiki vya nguzo vinavyochomoza majini, ndege wamekaa juu, na ukizama unaona vinavyoendelea chini.

Nikiwa mkweli, Swanage ni gofu nusu. Gati la 1895 liliishiwa meli miaka ya 1960, likachakaa, kisha wenyeji wakaunda taasisi ya kulifufua, na leo watu wanatembea juu yake wakila aiskrimu huku wapiga mbizi wakiwa chini. Kwa hiyo ukisema unataka kuona kilichoachwa, ni lile la kando. Ukisema unataka kuona kilichohamia, ni chini ya lile linalotumika.

Na kilichohamia ni kingi. Nguzo zimevikwa sponji na mwani hadi mbao hazionekani. Kuna samaki mdogo mwenye vishungi vyekundu vilivyotawanyika juu ya macho. Waingereza humwita tompot, na kila mmoja ana tundu lake kwenye ufa wa nguzo au chini ya kipande cha chuma, na anatoka kukuangalia bila woga. Msimu wa kuzaa, mwisho wa masika na mwanzo wa kiangazi cha huko, utawaona madume wa samaki ambaye Waingereza humwita corkwing wakijenga viota. Dume anakwenda, anang'oa kishada cha mwani kwa mdomo, anarudi nacho, anakisukumiza ufani, anarudi nyuma kidogo na kutazama, kisha anakwenda kuchukua kingine. Dome nao hufika kutaga. Kaa wa miguu mirefu huonekana wakipanda nguzo usiku na mchana.

Adui wa mahali hapo ni wadudu wa baharini wanaokula mbao. Nguzo nyingi imebidi zibadilishwe kwa sababu zimetafunwa ndani. Mafundi majahazi wa Lamu na Zanzibar wanajua vita hiyo tangu zamani, ndiyo maana chombo kinapandishwa mchangani na kupakwa deheni kila mara. Gati hulipandishi mchangani.

Maji yenyewe

Hapa ndipo aliyejifunzia Nungwi au Diani anatakiwa kusoma polepole.

Umezoea maji ya nyuzi 26 hadi 29, suti nyembamba au fulana tu, na ukiangalia chini unaona mapezi ya mwenzako na mchanga ulio mita 15 zaidi. Baia wakati wa kiangazi maji yanafika nyuzi 24 au 26, hivyo suti ya milimita 5 inatosha vizuri. Majira ya baridi yanashuka hadi nyuzi 14, na hapo utajuta. Uoni hubadilika sana: siku tulivu unaona chumba kizima, baada ya mvua au upepo wa kusini unaona mkono wako na mgongo wa aliye mbele. Kituo kizuri cha mbizi kitakuambia ukweli asubuhi na kuahirisha. Kisichokuambia, tafuta kingine.

Swanage mwezi wa Machi ni nyuzi 7 au 8. Agosti na Septemba ni 17 hadi 19, na hiyo ndiyo joto lao. Suti ya milimita 7 yenye kofia na glavu ndiyo kiwango cha chini kwa mtu wa pwani yetu, na wengi wa huko huvaa suti kavu, isiyoingiza maji, mwaka mzima. Kama hujawahi kuvaa suti kavu, usijifunzie chini ya gati penye nguzo kila upande. Chukua somo la bwawani kwanza. Suti nene inakuongezea kuelea, kwa hiyo utahitaji vipande vingi zaidi vya uzito wa risasi mkandani kuliko ulivyozoea, na hesabu hiyo ifanyike na mtu anayeyajua maji hayo, si kwa kukisia.

Kina cha Swanage ni mita 2 hadi 5 tu, kutegemea maji. Maji kupwa, unaburuta tumbo. Nenda maji yanapokaribia kujaa, ikiwezekana siku za maji mafu ambapo mkondo haukusumbui. Baia haina jambo hilo, kwani Mediterania karibu haina kupwa wala kujaa. Hapo kalenda ya mwezi utaiacha nyumbani.

Wengi wakisikia mita 5 hudharau. Wasidharau. Kwenye kina kifupi kila pumzi inakupandisha, mawimbi yanakusukuma, na kando yako kuna ukuta wa miaka elfu mbili au nguzo yenye chaza wakali. Mpiga mbizi aliyezoea ukuta wa matumbawe wa mita 25 akifika hapa hupiga mateke mchanga na kuwaharibia wenzake. Faida yake ni hewa: mtungi mmoja unakuweka chini zaidi ya saa nzima, na ukiwa mtu wa kutazama kitu kimoja kwa muda mrefu, hakuna anasa kubwa kuliko hiyo.

Unaingiaje, na nani anakuruhusu

Tofauti kubwa ni hii. Baia ni hifadhi ya bahari yenye magofu, iliyotangazwa rasmi mwaka 2002, na imegawanywa kwa kanda. Kwenye kanda ya ndani huingii mwenyewe: lazima uwe na kituo kilichopewa kibali, na kiongozi wake yumo majini nawe. Unapanda boti, unafika dakika chache baadaye, unashuka, unafuata. Kuokota hata kigae kimoja ni kosa la jinai, na msidhani hakuna anayetazama.

Swanage hakuna kiongozi wa lazima. Unalipa ada yako getini, unavaa, unashuka ngazi za gati na mwenzako, mnazunguka nguzo, mnapanda. Uhuru huo ni mtamu, ila unabeba jukumu lako mwenyewe. Juu yako kuna wavuvi wa ndoana na chini kuna mishipi iliyokatika imezungushwa kwenye nguzo. Beba kisu kidogo au mkasi wa kukatia uzi, ukiweke unapopafikia kwa mikono yote miwili. Boti nazo zinafika gatini, kwa hiyo usijitokeze juu katikati ya njia. Rudi chini ya gati ndipo upande. Na uulize mapema wapi pa kujaza mitungi, usije ukafika na mtungi tupu siku ya Jumapili.

Kwa cheti, ngazi ya kwanza ya PADI au chama kingine kinachotambulika inatosha kote kuwili. Baia hata asiye na cheti anaweza kushushwa kwa mbizi ya kujaribu, akishikiliwa na mwalimu, na mwenye miwani na bomba la kupumulia tu anaweza kuelea juu akaona sehemu fulani za magofu.

Mfuko, viza na walioandamana nawe

Kwa anayetoka Dar, Nairobi au Kampala, swali la kwanza ni viza: Italia ni Schengen, Uingereza ni viza yake peke yake. Kuombea zote mbili kwa ajili ya kuona gati la visiki hakuna akili. Ukiwa unaishi London, Birmingham au Leicester, basi Swanage ni safari ya wikendi, na ukiwa na vifaa vyako gharama ni mafuta ya gari, ada ya gati na hewa. Baia kila mbizi inalipiwa boti na kiongozi, hiyo haikwepeki. Lakini Napoli ni mji wa bei ya kawaida kwa Ulaya, na kutoka kituo cha Montesanto treni ya Cumana inakufikisha Lucrino au Fusaro, kisha unamalizia kwa basi au teksi.

Kama umekuja na mke, mume au watoto wasiopiga mbizi, Baia inashinda bila ubishi. Kuna mashua yenye sakafu ya kioo inayopita juu ya magofu, kuna ngome yenye sanamu, kuna mabaki makubwa ya mabafu juu ya kilima ambako kuba moja bado imesimama. Swanage kuna gari moshi la makaa linalokwenda Corfe Castle, watoto watalipenda, na kuna ufuko wa mchanga. Baada ya hapo ni samaki na chipsi.

Jambo moja ambalo vijarida vya utalii hulipitia juujuu: ardhi ya Campi Flegrei kwa sasa inapanda. Upande wa Pozzuoli imeinuka zaidi ya mita moja tangu mwaka 2005, na matetemeko madogo ni ya kila mara. Lile la Mei 2024 lilifika ukubwa wa 4.4 na watu wakalala nje. Mimi bado ningekwenda. Ila ningechukua chumba kwenye jengo zuri, ningesoma taarifa za taasisi ya volkano ya Italia, na nisingebishana na kituo kikifuta safari.

Kuhusu kuruka na ndege: kina kifupi kisikudanganye ukapiga mbizi asubuhi na kupanda ndege jioni. Baada ya mbizi za siku kadhaa mfululizo, subiri angalau saa 18. Wengi wetu husubiri saa 24 na kuzitumia kulala na kula.

Pacific Ocean Park: itazame kutoka mchangani

Watu huiulizia kwa sababu ya hadithi yake, na hadithi ni tamu kweli. Tarehe 28 Julai 1958, Santa Monica, kampuni ya utangazaji ya CBS na wenye uwanja wa mbio za farasi wa Santa Anita walifungua bustani ya starehe juu ya gati la zamani ili kushindana na Disneyland, iliyokuwa na miaka mitatu tu. Kulikuwa na vyumba vya mviringo vilivyoning'inia kwenye waya na kupita juu ya bahari, kengele kubwa za chuma zilizowazamisha wageni kwenye tangi la maji, na garimoshi la kupanda mlima wa bandia. Gharama za kupambana na chumvi zilikuwa kubwa, madeni yakarundikana, na Oktoba 1967 ikafungwa. Miaka iliyofuata moto uliwaka mara kadhaa, na vijana wa mtaa waliteleza kwenye mawimbi katikati ya nguzo zilizoanguka, wakijua kabisa kwamba kosa moja ni kupigwa ubavu na chuma. Mwaka 1974 hadi 1975 mabaki yakabomolewa.

Kilichobaki leo ni nguzo chini ya maji na mabango yanayoonya. Linganisha na Baia: kule unaonyeshwa mpango wa chumba, hapa unabahatisha kisiki kwenye mchanga uliovurugika, ukiingia kupitia mawimbi yanayovunjika, bila mtu wa kukuambia hiki kilikuwa nini. Hata ukikiona, ni kisiki. Kila kilichowafanya watu walipe kuingia kilikuwa juu ya maji, na kimekwenda. Ukiwa Los Angeles na unataka mbizi, nenda kisiwa cha Catalina. Hapa njoo na picha za zamani, kaa mchangani, ulinganishe.

Gati la magharibi la Brighton, Uingereza, lililofunguliwa mwaka 1866 na kuungua mara mbili mwaka 2003, naliweka kapu hilohilo. Ule mfupa wa chuma unapendeza ukiwa ufukweni, hasa jioni ndege wanaporudi kwa maelfu. Chini yake ni vyuma vilivyochongoka.

Sha'ab Rumi: ya kwanza kwenye orodha, ila si mwaka huu

Hii haikuwa sehemu ya starehe, naiingiza kwa upendeleo. Mwaka 1963 Jacques Cousteau na watu wake waliteremsha nyumba kwenye mwamba wa Sha'ab Rumi, kaskazini mwa Port Sudan, na watu watano wakaishi humo mwezi mzima kwenye kina cha mita 10, pamoja na kasuku. Wawili wakakaa wiki moja kwenye kibanda cha chini zaidi. Lengo lilikuwa kuonyesha kwamba binadamu anaweza kuhamia baharini. Filamu iliyopigwa huko ilipata tuzo ya Oscar. Nyumba kuu iliondolewa. Banda la kuegeshea kile chombo chao cha mviringo cha kuzamia bado lipo, na miguu yake imesimama mchangani, na karibu kuna chumba cha vifaa na, chini zaidi, mabaki ya vizimba vya kujikinga na papa.

Ukiliingia banda kutoka chini unaweza kuibua kichwa kwenye hewa iliyonaswa darini. Usitoe mdomo wa kupumulia. Hewa hiyo ni pumzi za waliokutangulia.

Kwa nini naipa nafasi ya kwanza? Kwa sababu hapa vyote viwili vipo kwa pamoja. Baia ina historia na samaki wachache. Swanage ina samaki na historia kiasi. Sha'ab Rumi ina chuma ambacho kila mtu anaelewa kilikuwa cha nini, kimevikwa matumbawe laini, na ukizunguka ukingo wa mwamba kuna makundi ya papa. Maji ni ya nyuzi tulizozoea, uoni ni wa Bahari ya Shamu. Ila ni mbizi ya kukaa kwenye boti siku kadhaa, mbali na hospitali yenye chumba cha shinikizo cha kutibia wapiga mbizi, na vita vya Sudan vilivyoanza Aprili 2023 vilifika Port Sudan yenyewe kwa ndege zisizo na rubani Mei 2025. Walio Jeddah na Dubai, ambao kwao ndiyo ingekuwa karibu zaidi, wafuatilie. Mwenye boti atakayekuuzia nafasi leo kwa bei ya kutupa, muulize bima yake inasemaje.

Basi uende wapi

Uko Afrika Mashariki na utalipia viza mara moja na nauli mara moja: Baia, kati ya Juni na mwanzo wa Oktoba. Siku ya kwanza usiguse maji. Panda ngomeni ukazione sanamu zenyewe na ukumbi uliopangwa upya kwenye makumbusho, ujue Odiseo alisimama wapi na jitu lilikaa wapi, kwa sababu chini ya maji hakuna wa kukueleza ila kwa ishara za mikono. Kesho yake chukua mbizi mbili: ukumbi wa Claudius asubuhi, Villa a Protiro baadaye. Kama kuna siku ya tatu, omba Secca delle Fumose, ambako nguzo kubwa za Kirumi zimesimama na mapovu ya gesi ya volkano yanatoka mchangani katikati yake. Unapoandika kuweka nafasi, taja majina hayo moja kwa moja, maana ukisema tu unataka magofu, utapelekwa wanakokwenda wengine siku hiyo.

Uko Uingereza, una vifaa, na unapenda viumbe vidogo kuliko makaizari: Swanage, Septemba, siku ya katikati ya wiki. Angalia jedwali la maji na upepo. Upepo wa mashariki ukivuma hapo, baki nyumbani. Anza na visiki vya gati la zamani wakati mtungi umejaa na hujaanza kutetemeka, umalizie chini ya gati jipya ambako ni rahisi kupata njia ya kurudi kwenye ngazi. Nenda na tochi hata mchana, kwani wengi wa wenyeji wa nguzo wamo nyufani. Na chukua chupa ya chai ya moto uiache garini.

Unapiga picha? Swanage kwa lenzi ya kukuza vidogo, Baia kwa lenzi pana, na Baia umwambie kiongozi mapema, ili asikimbize kundi wakati wewe bado unangoja vumbi litulie juu ya vigae.